Bunduki za Marisau Zinazojutiwa Zaidi, na Zile za Kununua Badala Yake

Bunduki yangu ya kwanza ya marisau (ile inayorusha punje nyingi kwa mpigo mmoja) ilikuwa ya mtutu mmoja, geji 12, uzito kama kilo 2 na nusu. Muuzaji aliisifia kwamba ni nyepesi kubeba, na kwa hilo alisema kweli. Siku ya kwanza nilipiga risasi kumi na tano. Ile ya mwisho niliipiga nimefumba macho na kukaza taya, mwili ukingoja pigo kabla kidole hakijamaliza kuvuta kifyatulio. Bega lilipona baada ya wiki moja. Tabia ya kufumba macho ilinichukua karibu mwaka mzima kuiacha, na niliiacha kwa kutumia bunduki nyingine.

Tangu hapo kila ninapokutana na mtu aliyeuza bunduki yake mapema, humuuliza sababu. Ni wachache wanaosema iliharibika. Wengi wanasema ilikuwa nzima, ila haikuufaa mwili wao, au walinunua kwa ajili ya kazi ambayo hawakuwahi kuifanya. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa majuto: naanza na ile ambayo ningemzuia ndugu yangu asiinunue, namalizia na zile ambazo ningemsindikiza akazilipie.

Kwa anayeanza, geji 12 maana yake ni kwamba punje 12 za mviringo za risasi nyeusi (ile metali nzito), zenye upana sawa na tundu la mtutu, zina uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Ndiyo maana namba ikipanda tundu linapungua: geji 12 ni milimita 18.5, geji 20 ni milimita 15.6. Ile ndogo iitwayo .410 haifuati hesabu hiyo. Jina lake ni upana wa tundu kwa inchi, sawa na milimita 10.4.

Ya kwanza kwa majuto: nusu otomatiki ya magazini ya kuchomeka

Nusu otomatiki hujipakia yenyewe kila unapofyatua. Hii inavutia macho, nakiri. Inafanana na bunduki za kijeshi na kubadilisha magazini ni haraka. Tatizo liko kwenye risasi yenyewe. Risasi ya marisau ina ganda la plastiki laini na ukingo uliotokeza kwenye kitako chake. Ukizipanga juu ya nyingine ndani ya magazini, ukingo wa moja unaweza kunasa nyuma ya ukingo wa nyingine, na zikikaa humo muda mrefu zikibanwa na springi, plastiki inabonyea. Ganda lililobonyea haliingii vizuri kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ongeza kwamba zile za bei nafuu hukataa risasi nyepesi za mazoezi, ambazo ndizo anayejifunza anazihitaji kwa wingi, na kwamba magazini ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye bunduki ya kampuni nyingine. Wapo mafundi wanaozitengeneza zikapiga vizuri. Mnunuzi wa kawaida hajanunua bunduki ili awe fundi.

Ya pili: mtutu mmoja, geji 12, nyepesi

Hii ndiyo iliyoniumiza, lakini siiweki hapa kwa kinyongo. Ni hesabu. Risasi ile ile ikipigwa kwenye bunduki ya kilo 3 na nusu badala ya kilo 2 na nusu, nishati inayokupiga begani hupungua kwa karibu asilimia 30. Wazazi wengi humnunulia kijana bunduki hii kwa sababu ni rahisi na ina risasi moja tu, wakidhani ni salama zaidi na ya upole. Kwa upole, ni kinyume kabisa. Kijana akishaanza kuogopa, hatafurahia tena.

Wengine wakikwepa hilo wanakimbilia .410. Haimwumizi mtu, kweli, lakini hubeba gramu 14 hadi 19 za marisau tu, wakati geji 12 ya kawaida hubeba 28 au zaidi. Marisau machache yanaacha mapengo, na anayejifunza anakosa shabaha siku nzima bila kujua kosa ni lake au ni la bunduki. Wanaoifurahia .410 ni wale ambao tayari ni mabingwa. Kwa kijana au mtu mwenye mwili mdogo, chukua geji 20 yenye uzito wa wastani, ikiwezekana nusu otomatiki ya gesi, inayotumia gesi ya risasi kujipakia.

Hapa lazima nisimame, maana ni jambo la uhai. Ukiwa na geji 20 na geji 12 nyumbani, usichanganye risasi zake mfukoni hata siku moja. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye chemba ya geji 12 hupita na kukwama mbele kidogo. Mpigaji hasikii mlio, anadhani hakuweka kitu, anaongeza ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasuka mahali mkono wa mbele ulipo. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano.

Ya tatu: chemba ya milimita 89

Marekani ilipopiga marufuku marisau ya risasi nyeusi kwa uwindaji wa bata na mabata bukini, hatua kwa hatua hadi nchi nzima mwaka 1991, wawindaji walilazimika kuhamia chuma. Chuma ni chepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.8, risasi nyeusi ina gramu 11.3. Ili chuma kifike mbali na nguvu ya kutosha ilibidi punje ziwe kubwa, na punje kubwa zinahitaji ganda refu. Risasi ya inchi 3 na nusu, yaani milimita 89, ilitokea mwaka 1988, na tangu wakati huo kila anayeingia dukani anaambiwa kwamba hii inapiga zote, fupi na ndefu, kwa hiyo kwa nini achukue pungufu.

Jibu ni kwamba mtambo unaotakiwa kuvumilia risasi ya gramu 64 za marisau na pia kusukumwa na ile ya gramu 28 una kazi ngumu, na mara nyingi ile nyepesi ndiyo inayoshindwa kuuzungusha. Na ile nzito, watu huipiga mara chache mno. Nimekuta maboksi yake yamebaki nusu kwa miaka. Siku hizi kuna marisau ya bismathi na ya tangsteni, mazito kuliko chuma, yanayofanya kazi hiyo hiyo kutoka chemba ya milimita 76. Ni ghali, lakini mtu anayepiga risasi chache kwa msimu hatafilisika.

Ya nne: mitutu ya juu na chini ya bei nafuu

Hapa ndipo moyo unapovunjika zaidi, kwa sababu anayenunua bunduki hii ameitamani muda mrefu. Ameona waliobobea wanavyopasua visahani vya udongo na bunduki zilizonakshiwa, na sasa ameona moja inayofanana nayo kwa sehemu ndogo ya bei. Mbao zinang'aa. Inafunga kwa mlio mzuri.

Mitutu miwili inatakiwa kuunganishwa kwa namna ambayo yote miwili inapiga mahali pamoja, na kazi hiyo ni ya mkono wa fundi mwenye subira. Ikifanywa haraka, mtutu wa chini unapiga unapoelekeza na wa juu unapiga pembeni, na hakuna choki (mbano wa mdomo wa mtutu) itakayokuokoa. Kuna pia kifyatulio. Kwenye bunduki nyingi za aina hii, msukumo wa risasi ya kwanza ndio unaoandaa mtutu wa pili. Ukitumia risasi nyepesi sana, au ya kwanza isipolipuka, wa pili unabaki kimya. Nyingine zina kasoro iliyo kinyume: mitutu yote miwili inafyatuka kwa mpigo mmoja, na hilo si la kuvumilia hata siku moja. Kisha bawaba. Chuma laini kikila, mitutu inaanza kucheza kwenye mwili wa bunduki, na mpigaji wa mashindano anayefyatua maelfu ya risasi kwa mwaka atafika hapo mapema.

Je, mwindaji anayefyatua risasi hamsini kwa mwaka aikwepe pia? Hapana. Kwake inaweza kudumu maisha yake yote, mradi aijaribu shabaha ya kila mtutu kwenye karatasi kabla ya kulipa. Anayejuta ni yule aliyeinunua kwa ajili ya visahani.

Pampu

Hizi unazipakia kwa kuvuta kishikio cha mbele nyuma na kukirudisha. Ziko katikati ya orodha, na sina mengi ya kuzilaumu. Mossberg 500 imekuwapo tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na Remington 870 iliyoanza mwaka 1950 imeuzwa zaidi ya milioni 11. Majuto yake ni ya aina mbili. La kwanza ni la mtumiaji: kwa haraka, anavuta kishikio bila kukifikisha mwisho, ganda halitoki, risasi mpya inagongana nalo. Mazoezi yanaliponya. La pili ni la kununua jina bila kuangalia umri wa bunduki. Wamiliki wengi wa 870 aina ya Express, toleo la bei nafuu lililotoka mwaka 1987, walilalamikia kutu na maganda kung'ang'ania kwenye chemba isiyosuguliwa vizuri. 870 ya zamani iliyotunzwa mimi ningeichukua bila kusita.

Nusu otomatiki zinazofaa, na kisa kimoja cha kale

Mfano mkubwa kabisa wa bunduki ya kujutia ni Winchester Model 1911. John Browning alikuwa ameunda bunduki ya nusu otomatiki, akaachana na kampuni ya Winchester, na hataza zake zikabaki mikononi mwake. Winchester walipotaka ya kwao hawakuweza kutumia mpini wa kuvutia bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), kwa hiyo mtumiaji alitakiwa kuukamata mtutu wenyewe na kuusukuma nyuma. Risasi ikikwama, hasa enzi hizo za maganda ya karatasi yaliyovimba kwa unyevu, watu waliegemeza kitako chini na kusukuma mtutu huku mdomo wake ukiwaelekea usoni. Baadhi walikufa, na bunduki ikapewa jina la kuwafanya wake kuwa wajane. Hadi leo zinauzwa kama bunduki za kale. Nunua ya kutundika ukutani, isiyo na risasi, au usinunue.

Za leo ni za namna mbili. Zile zinazotumia msukumo wa bunduki yenyewe, ambazo Benelli walizipatia sifa, ni safi na nyepesi, lakini nyepesi ina maana ya pigo zaidi begani. Ukiifunga taa na mkanda wa risasi, uzito unaoongezeka unaweza kuifanya ikatae risasi dhaifu. Zile za gesi huchafuka kwa masizi na zinataka kufunguliwa na kusafishwa, ila hupunguza makali ya pigo kwa kiasi ambacho bega linakihisi tangu risasi ya kwanza.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza kwa mtu mwenye bunduki moja tu: nusu otomatiki ya gesi kutoka kwa kampuni ya siku nyingi, geji 12 au 20, chemba ya milimita 76, uzito wa kilo 3 hadi 3 na nusu, yenye choki za kubadilisha. La pili: mitutu miwili iliyotumika, ya mtengenezaji mzuri, badala ya mpya ya bei hiyo hiyo kutoka kwa mtengenezaji hafifu.

Kabla hujatoa pesa

Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Simama, fumba macho, ielekeze upande salama, ipandishe begani kama unavyozoea, kisha fumbua. Jicho lako liwe katikati ya mtutu. Ukijikuta unauona ubavu wake, au unaona mgongo wa mwili wa bunduki tu, kitako hakikufai, na ni heri ujue sasa. Anayetumia mkono wa kushoto aangalie pia ganda linatokea upande gani, na kitako kimepindishwa kumfuata nani.

Kwa iliyotumika, toa mtutu na uuelekeze kwenye mwanga. Pete za kivuli ndani yake zikipinda au kukatika, kuna bonde au uvimbe. Kwenye mitutu miwili, ondoa kishikio cha mbele, shika kitako na utikise: ukisikia au kuhisi mchezo wowote kwenye bawaba, inahitaji fundi. Soma alama za chemba. Bunduki nyingi za zamani ni za milimita 65, na risasi ya 70 inaweza kuingia bila shida lakini ikakosa nafasi ya kufunguka, shinikizo likapanda. Mitutu ya zamani yenye choki kali usiipigie marisau ya chuma. Na kama mtutu una mistari ya mawimbi ya chuma kilichosokotwa, hiyo ilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Isipigwe risasi za kisasa mpaka fundi wa bunduki aipime na kukupa jibu la maandishi.