Kuku Malawi weusi: nilichokiona kihambani Kibosho

Mwezi wa tatu mwaka jana nilinunua vifaranga 20 vya kuku tunaowaita Malawi, shilingi 2,500 kila kimoja, kwa mtotoleshaji mmoja Moshi mjini. Nilimwambia nataka Black Australorp halisi, ndilo jina la mbegu yenyewe, sitaki chotara. Akaniapia. Walipoota manyoya, watano wakatoa rangi ya dhahabu shingoni.

Kumpata halisi siku hizi ni kazi kweli. Kabla hujalipa, omba uone kuku wazazi, shika mmoja umgeuze miguu. Miguu yenyewe ni myeusi, ila nyayo ziwe nyeupe. Ukikuta njano, mrudishe. Upanga wa kichwani ni mmoja, mwekundu, umesimama. Na akipita juani, weusi wake unageuka kijani, kama ndege chozi akiwa kwenye ua la mgomba. Naweza kukaa nikawatazama tu.

Wale 15 wazuri wamenilipa. Mbegu hii ilitengenezwa Australia kutokana na Orpington weusi wa Uingereza, na mwaka 1922 hadi 1923 mitetea sita huko walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Wangu wanakula pumba, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo, basi. Walianza kutaga wiki ya 23, na mitetea tisa nilionao wananipa mayai sita au saba kwa siku, ya kahawia. Julai hii, ukungu umeshuka hadi huoni mgomba wa pili, mayai yalipungua yakafika manne lakini hawakuacha kutaga.

Mitetea walikuwa 11. Ni wazito na wapole mno, hawapandi juu kulala, na kicheche alibeba wawili usiku mmoja. Funga banda vizuri. Chanjo ya mdondo nayo usiiruke kwa kuwa umeambiwa ni wagumu.

Nyama? Krismasi tulichinja jogoo wa miezi tisa, kilo 3.4 akiwa hai. Kifua kimejaa, na unaitafuna nyama ukaisikia, siyo broila inayoachia mfupa kwenye sufuria. Mama mkwe alichukua shingo na mapaja, akaniambia, "Mwanangu, hawa usiuze wote."

Kwa mtotoleshaji nilirudi na wale watano. Hakubisha, akanipa makinda watano wa miezi miwili. Niliwageuza miguu palepale, mmoja mmoja. Nikachukua wanne.