WhatsApp kwa wasimamizi wa makundi ya biashara ya samaki, Mwanza

Kwa wafanyabiashara wa dagaa na sangara wa Mwaloni, Kirumba, kundi la WhatsApp limekuwa soko la pili, na ubora wake hupimwa pale mtu anapokosea bei au wawili wanapokosana mbele ya wote. Kipengele ninachokithamini kuliko vyote ni kile cha kuhariri ujumbe, kilicholetwa mwaka 2023, kwa kuwa kinampa mwandishi dakika 15 za kusahihisha bei ya gunia, na alama ya kuhaririwa hubaki ili mnunuzi asidhani amehadaiwa.

Uwezo wa msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama unahitaji busara zaidi. Unafaa kwa matusi na utapeli. Lakini ukitumika dhidi ya mnunuzi anayelalamika kwamba dagaa wake wamefika na mchanga, wanachama wataona kuwa msimamizi ameufuta ujumbe, sababu haitaonekana, na shaka itamwangukia muuzaji hata kama hana kosa. Ni heri ujumbe ubaki, muuzaji ajibu hadharani kwa staha, kisha mazungumzo ya fidia yahamie kwenye simu.

Kulifunga kundi ili wasimamizi pekee waandike hutuliza ugomvi wa usiku, mradi lifunguliwe kabla ya biashara ya asubuhi. Kura ya maoni siipendekezi kabisa katika ugomvi wa watu wawili, kwa sababu majina ya wapiga kura huonekana, na aliyeshindwa hubaki akijua ni nani waliomkataa.