Kituo cha jamii cha mtaani kwetu: wazee wanaheshimiwa, wazazi bado wanasubiri
Kituo cha jamii cha mtaani kwetu hapa Eastlands, Nairobi, kimenifurahisha hasa kwa namna kinavyowahudumia wazee, kwa kuwa mhudumu huketi na kila mmoja, akiwasaidia waliotimiza miaka 70 kufuatilia usajili wa Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa shilingi 2,000 kwa mwezi, bila kuwaharakisha wala kuwapandishia sauti. Wanaotafuta kazi hupata kompyuta za kuandalia wasifukazi na kuombea cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Upungufu uko kwenye malezi ya watoto: chumba chao hufungwa saa kumi na moja jioni, wakati mama anayetoka kazini Industrial Area bado yumo kwenye matatu. Naomba uongozi uongeze saa mbili.