Mpira wa kutengenezea aiskrimu: mkebe mzuri, maelezo hayatoshi

Nimeshautumia mpira huu mara sita, zote na binti yangu wa miaka 9. Ni mpira mgumu wa plastiki. Katikati una mkebe wa chuma wa kutia maziwa, krimu, sukari na vanila, na kuuzunguka mkebe huo kuna nafasi ya barafu na chumvi. Unafunga pande zote mbili, unaubiringisha sakafuni dakika 20, unafungua.

Kijikaratasi chake kinasema tia barafu, tia chumvi, basi. Chumvi kiasi gani? Ya kazi gani? Kimya. Kwa kitu kinachouzwa kama chombo cha kumfundishia mtoto sayansi, hilo limeniudhi kweli, maana somo lote limo ndani ya chumvi. Mara ya kwanza tulitia vijiko viwili, tukaambulia maziwa ya baridi.

Mara ya pili binti yangu akauliza, "Mama, si barafu tayari ni baridi? Chumvi ya nini tena?" Nikamletea kipimajoto. Barafu iliyoanza kuyeyuka ilisoma 0. Tukaichanganya na chumvi ya mawe, kama robo ya uzito wa barafu, na ndani ya dakika chache ikashuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Alipiga kelele! Barafu inayeyuka, halafu baridi inazidi?

Ndivyo ilivyo. Maji ya chumvi hayagandi kwenye 0, kwa hiyo barafu huendelea kuyeyuka, na kuyeyuka kunahitaji joto. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto ambalo lingeweza kupasha kilo moja ya maji kutoka 0 hadi karibu nyuzi 80. Hapa joto hilo linatoka kwenye maziwa, na chuma hulipitisha upesi. Ndiyo maana naupenda ule mkebe. Barafu tupu isingefaa, kwani maziwa yenye sukari nayo hugandia chini ya 0. Tulijaribu siku nyingine bila chumvi: nusu saa, bado ni kinywaji.

Usiache kuubiringisha. Tuliwahi kuupumzisha, aiskrimu ikatoka na chembe za barafu zinazokwaruza ulimi kama mchanga. Mwendo huzuia chembe zisikue, tena huingiza hewa inayoilainisha. Hata hivyo, maziwa huganda kwanza ukutani mwa mkebe na katikati yakabaki majimaji, hivyo dakika ya 10 lazima ufungue ukwangue kwa mwiko wa mbao. Hili nalo kijikaratasi hakikulitaja. Wala hakionyi kwamba maji yale ya chumvi yanaweza kuunguza ngozi kwa baridi. Mtoto asiyashike kwa mikono mitupu.

Kasoro kubwa ni pete ya mpira kwenye mfuniko wa mkebe. Yetu imeanza kulegea, na maji ya chumvi yakishapenya kwenye maziwa, umemwaga kila kitu. Mtengenezaji angeweka pete ya akiba.

Ningeununua tena, ila pamoja na kipimajoto. Jumamosi binti yangu anataka kutia sukari upande wa barafu, mahali pa chumvi. Ameshaandika makisio yake kwenye daftari, na amenikataza kuyasoma kabla hatujapima.