Nimeapdeti kompyuta ya steshenari, najuta

Jamani mimi nina kasteshenari kadogo nje ya geti la chuo, kompyuta moja, printa mbili na mashine ya fotokopi. Hiyo kompyuta tulishazoeana, yaani naongea na mteja huku mausi inaenda yenyewe kona ya chini kushoto, flashi imefunguka, karatasi inatoka. Sasa kila nikiwasha kinatokea kitangazo eti mfumo mpya, Windows 11, uko tayari na ni bure, nikakikwepa weee, siku moja jioni nimechoka nikabonyeza ndio nikafunga duka.

Asubuhi nakuta vitu vyote vya ule mstari wa chini vimehamia katikati, kona yangu tupu. Na ulikuwa msimu wa fomu za mkopo, wanafunzi wamejaa mlangoni, ile fomu unaprinti, wanaenda kuisainisha, wanarudi unaskani halafu kila faili unaliandika jina la mwenyewe usije ukampa huyu ya yule. Kubadili jina mi nabonyeza kulia tu, neno liko palepale miaka yote. Nabonyeza kulia, neno hakuna! Kuna vipicha vidogo vimejipanga juu havina hata maandishi, kimoja mkasi, kingine kiboksi chenye herufi A. Binti wa mbele kabisa akaniuliza, "Dada vipi, imestaki?" Haijastaki mdogo wangu, nimestaki mimi.

Siku tatu nzima nilikuwa napita kwenye ile sehemu ya kuonyesha zaidi, ukibonyeza hapo menyu ya zamani inatokea vilevile kama ilivyokuwa. Kwa hiyo hawakuitoa, wameificha tu nyuma ya mlango mwingine, na mimi naufungua huo mlango kwa kila faili. Kale kaboksi ka A ndo kubadili jina, nani angejua?

Dogo mmoja wa IT akaniokoa, kumbe ukichagua faili ukabonyeza Shift na F10 menyu ya zamani inakuja moja kwa moja, na kwenye setingi za ule mstari wa chini unaweza kurudisha vitu kushoto. Ila kuupandisha mstari wenyewe juu, kama ilivyowezekana kwenye mfumo wa zamani, ilikuwa hamna.

Hawa watu wa Microsoft, wenye Windows yao, hawakomi. Windows 8 ya 2012 iliondoa kitufe cha Start, kile cha kona ya kushoto cha kufungulia programu, ikaweka ukurasa wa vigae unaojaza skrini nzima, watu wakapiga kelele, 2013 kwenye 8.1 kikarudi, ukikibonyeza kinakupeleka kwenye vigae vilevile, menyu yenyewe ya Start imekuja kurudi na Windows 10 mwaka 2015.

Kugawa skrini nimekupenda lakini, fomu huku barua kule, safi sana.

Nikasema basi nirudi nilikotoka. Sehemu ya kurudi ipo, ila wanakupa siku 10 tangu uapdeti. Mimi nimeiona siku ya 12.