HyP3 kwa kupima mtelezo wa ufa: bure na nzuri, ila sehemu ya rejea uichague mwenyewe

Kwa aliyeko Malindi na kompyuta ya kawaida, HyP3, huduma ya mtandaoni ya Alaska Satellite Facility inayolinganisha picha mbili za rada za setilaiti, ndiyo njia rahisi ya kuona ardhi ilivyoteleza kwenye ufa baada ya tetemeko. Picha moja ya rada ya Sentinel-1 ni gigabaiti kadhaa. Hapa seva zao ndizo zinazochakata, nawe unapakua matokeo tu. Usichelewe kuyapakua, maana hufutwa baada ya siku 14.

Fungua akaunti ya Earthdata ya NASA, ingia Vertex, tovuti yao ya kutafutia picha, chagua picha ya kabla ya tetemeko, kisha tafuta ya baadaye kwa kitufe cha Baseline. Looks (idadi ya vipimo vinavyounganishwa kuwa pikseli moja) 20x4 hutoa pikseli za mita 80. 10x2, mita 40. Agiza pia ramani za mwelekeo wa rada, utazihitaji kujua setilaiti ilitazama kutoka upande gani. Kwenye ramani ya matokeo, duru moja kamili ya rangi ni ardhi kusogea sentimita 2.8 kuelekea au kutoka kwa setilaiti.

Kasoro kubwa ni sehemu ya rejea, yaani pikseli inayohesabiwa kuwa haijasogea. Mfumo huichukua pikseli yenye mawimbi yanayowiana zaidi, nayo yaweza kuangukia palepale ardhi iliposogea, ukadhani upande mtulivu ndio uliohama. Dawa yake ni nyepesi: soma thamani ya pikseli iliyo mbali na ufa, uitoe kwenye ramani nzima. Visiwani Lamu kuna hatari nyingine: maji ya mkondo hukata mawimbi, hivyo Manda na Pate zaweza kutofautiana kwa duru nzima bila ardhi kuhama hata kidogo.

Unyevu wa pwani nao hudanganya. Mvuke ukibadilika kati ya picha mbili, sentimita kadhaa za uongo hujitokeza. Jozi za masika zifanyie shaka kwanza. Hapo ndipo GPS ya ardhini inapookoa. Data za kituo cha MAL2, hapahapa Malindi, hutolewa bure na Nevada Geodetic Laboratory. Hakipimi ufa wowote, bali mwendo wa bamba la Somalia, kwa hiyo ni rejea nzuri. Kwa ufa wenyewe tafuta vituo vilivyo pande zake zote mbili, hasa mtelezo ukiwa wa kaskazini-kusini, ambao rada haiuoni vizuri.

Tetemeko kubwa lisilo na kina kirefu, jozi moja yatosha. Ufa unaoteleza polepole unataka mfululizo wa picha za miaka, uchakatwe kwa programu ya MintPy, nayo ni bure.