Steshenari ya kuombea vyuo huku Mbagala: kazi ya kompyuta wanaiweza, ya kukuchagulia kozi waacheni

Wadau habari zenu. Msimu wenyewe ndo huu, matokeo ya form six yakishatoka tu kila mwenye mtoto au mdogo wake anaanza kuulizia "wapi wanaomba vyuo", basi nimeona niwape maoni yangu kuhusu steshenari moja huku kwetu Mbagala ambayo nimempeleka mdogo wangu. Jina naliacha, maana shida nitakazosema sidhani kama ni za kwao peke yao, ukienda Tandika au Gongo la Mboto utakuta yale yale.

Duka lenyewe dogo, kompyuta nne, printa mbili, mashine ya fotokopi inayopiga kelele, na foleni inaanzia ndani inaishia kwa muuza mihogo nje. Bei ni elfu 5 kwa kila chuo wanachokuombea, hiyo ni ya kwao, pesa ya maombi ya chuo unalipa mwenyewe kwa simu baada ya kupewa kontroli namba (namba ya malipo), mara nyingi ni 10,000. Fomu ya mkopo ni bei nyingine, ukiweka na kuskani na kuprinti unakuta imefika elfu 15 au zaidi, na ada ya bodi ya mikopo yenyewe ya 30,000 haimo humo. Sio rahisi kivile ila kwa mtu ambaye nyumbani hana kompyuta na simu yake skrini imepasuka sioni kama wanamuonea.

Nianze na sifa kwanza maana wanastahili. Yule kaka anayekaa kompyuta ya mwanzo yuko vizuri aisee. Mbele yetu kulikuwa na binti, cheti cha kuzaliwa kina jina lina "h" mbili na cheti cha form four kina moja, mi nisingeona hata ningekaa navyo wiki, yeye alivishika vyote viwili akavilaza pembeni ya kibodi, akapitisha kidole herufi moja moja, akamwambia binti simama hapo hapo usilipe chochote, kaape kwanza kwa wakili jina liwe moja, halafu cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, ndo urudi tufungue fomu ya mkopo. Angeweza kuchukua hela yake na kumjazia tu, binti angekuja kushtukia mbele ya safari. Pia anakukumbusha kwamba fomu ya mkopo ukishaiprinti inatakiwa saini za serikali ya mtaa na za hakimu au wakili, kisha zile kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo, maana kuna watu wanaprinti wanaiweka kabatini wanajua wamemaliza.

Sasa tuje kwenye tatizo la kwanza, na hili naomba mlisome taratibu. Ikifika sehemu ya namba ya simu na imeili, kijana akaanza kuandika namba yake mwenyewe. Nikamuuliza kaka hiyo namba ya nani, akasema "dada hii ndo tunatumia kwa wote ili isipotee". Nikamwambia futa, weka ya dogo. Hakukasirika, alifuta, ila inaonekana ni utaratibu wa duka. Kwa nini ni hatari? Tangu TCU (tume ya vyuo vikuu) waachane na ule mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo mwaka 2017 mwanafunzi anaomba moja kwa moja chuo anachotaka, kwa hiyo unaweza kuchaguliwa vyuo viwili vitatu kwa mpigo, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Sasa kama simu ni ya steshenari, namba inakuja kwao, wewe uko Mtwara kwa bibi, unapiga hawapokei, na muda wa kuthibitisha unahesabika. Imeili nayo hivyo hivyo. Mfungulieni mtoto imeili yake, nywila aandike kwenye daftari, isiwe "123456" jamani.

Tatizo la pili ndo kubwa na ndo lililonifanya niandike. Pale ndani kuna meza ya pembeni anakaa baba mmoja mtu mzima wanamwita Mwalimu, ukiongeza elfu 5 anakushauri kozi ya kusoma. Nyuma yake ukutani kuna karatasi imelaminetiwa, imeandikwa kwa herufi kubwa KOZI ZENYE AJIRA, jua limeipiga hadi wino umekuwa rangi ya chai, na baadhi ya kozi zimekatwa kwa kalamu. Nilimsalimia shikamoo mwalimu, akaitika vizuri, mtu mstaarabu kabisa sina ugomvi naye. Akamuuliza dogo kombi gani, PCB, umepata ngapi, Chemistry C, Biology C, Physics D. Akasema "two ya 10, hiyo ni udaktari, weka MD vyuo vyote". Ushauri ukaishia hapo, elfu 5.

Hapa kuna mkanganyiko wa pointi ambao watu wengi unawapiga chenga. Pointi za NECTA (baraza la mitihani) zinazotengeneza division, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, kwa hiyo C C D ni 10, na huko ndogo ndo nzuri. Ila vyuo havitumii hizo, kwenye udahili A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, hapo kubwa ndo nzuri, kwa hiyo dogo wangu anaingia sokoni na pointi 8. Pointi 8 sio mbaya hata kidogo, ila kwa MD kwenye vyuo vikubwa vya serikali unashindana na watoto wa A na B walioanzia 12 kwenda juu. Kwenye karatasi vigezo vya chini unavyo, kwenye foleni uko mkiani. Ukisema vyuo binafsi, ada ya udaktari ni mamilioni kwa mwaka mara miaka mitano na bado mwaka wa intaniship. Mwalimu hakugusa hata moja kati ya hayo, hakuuliza nyumbani nani analipa ada, wala hakumuuliza dogo mwenyewe anapenda nini.

Na kibaya zaidi ni dogo mwingine aliyekuwa nyuma yetu, D, E na S. Hiyo kwa NECTA inatoka division three ya 15, kwa hiyo familia ilikuja inashangilia. Lakini kwa digrii unatakiwa angalau principal mbili (masomo uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, na yeye D ni 2, E ni 1, S haihesabiki kama principal, jumla 3. Hagusi. Mwalimu akamwambia aombe ualimu, kijana wa kompyuta akajaza, akalipishwa. Nilishindwa kunyamaza nikamwambia mama yake mama angu kwa matokeo haya mtoto njia anayo ila sio hii, aangalie diploma kwenye vyuo vya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), au ile foundation ya Chuo Kikuu Huria, akimaliza diploma na GPA ya 3.0 anarudi kuomba digrii kwa mlango huo. Mama akaniangalia kama nataka kumuuzia kitu. Na kumbe tangu 2023 bodi ya mikopo inatoa mkopo hadi kwa diploma za fani za kipaumbele, hilo pale dukani hakuna hata mmoja aliyelitaja, karatasi yenyewe ya ukutani ni ya kabla ya hapo.

Kingine kilichonishangaza ni wazazi wanaoombea watoto walioko kambini JKT (jeshi la kujenga taifa). Mama mmoja alikuwa na kikaratasi chenye indeksi namba tu, kijana akamuuliza mwanao anataka kusoma nini, mama akajibu "we weka yoyote yenye mkopo". Ikawekwa yoyote yenye mkopo. Simlaumu mama, mtoto yuko mbali, dirisha la kwanza la maombi limefunguliwa na watu wanamtisha kwamba linafungwa kesho. Lakini madirisha huwa yanafika hadi matatu, na haya mambo mngeyaongea kabla mtoto hajapanda basi la kambini. Akuachie orodha yake kwa mwandiko wake, hata kozi tano kwa mpangilio.

Sisi tulifanyaje? Elfu 5 ya Mwalimu ikaenda, tukarudi nyumbani na dogo tukapakua mwongozo wa udahili wa TCU, ule wa wenye sifa za form six, ni bure kabisa kwenye tovuti yao. Ni kitabu kinene na kimeandikwa Kiingereza kigumu kigumu, ukifungua kwenye simu macho yanauma, ila vitu vya kuangalia ni vichache tu. Kila kozi ina mstari wake, unaona masomo wanayotaka na gredi ya chini, pointi za chini, idadi ya nafasi, na miaka ya kusoma. Hiyo ya idadi ya nafasi watu wanaipita, wakati inakuambia viti viko vingapi. Dogo alikaa na penseli akaandika kila kozi ambayo C C D yake ya PCB inaikubali, akashangaa mwenyewe daftari limejaa ukurasa na nusu. Uuguzi, maabara, afya ya mazingira, kilimo, sayansi ya chakula, wanyamapori, ufugaji wa samaki, udaktari wa mifugo. Vitu ambavyo shule nzima hakuwahi kusikia mtu anavitaja maana pale kila PCB ni daktari na kila HKL (History, Kiswahili, English) ni mwanasheria.

Halafu tukafanya kitu cha pili ambacho naona Mwalimu angekifanya ningempa hata elfu 20. Tukafungua matangazo ya kazi za serikali ya Sekretarieti ya Ajira, hata yale yaliyokwisha pita, tukawa tunasoma sehemu ya sifa za mwombaji. Pale wanaandika kabisa wanataka shahada ya nini. Utaona kuna kozi zina majina mazuri mazuri ya kisasa lakini kwenye matangazo hazitajwi popote, na kuna kozi jina lake la kizamani ila kila tangazo linaiita. Pia unaona wapi wanataka usajili wa baraza au bodi, kwa sababu kuna fani digrii peke yake haikufikishi, sheria bado kuna Law School, uhasibu watakuuliza CPA, uhandisi usajili wa bodi. Bora mtoto ayajue haya akiwa na miaka 19. Sisemi serikali ndo ajira pekee, wengi watajiajiri au kwenda binafsi, ila yale matangazo yanakupa picha ya nini kinaitwa wapi.

Dogo akaamua mwenyewe, udaktari wa mifugo pale SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro ukawa wa kwanza, chini yake kozi zingine za hapo hapo, na chuo cha pili akaweka maabara na uuguzi. Baba alinuna kidogo, "yani nimesomesha PCB mtoto akatibu ng'ombe", ila dogo likizo zote anashinda kwenye duka la dawa za mifugo la jirani yetu, anajua chanjo ya kideri inawekwaje na kuku wa mtaa mzima wanaletwa kwake, sasa unataka achague nini tena? Mi nikamwambia baba, miaka mitano ni mingi kusoma kitu ili kumfurahisha mtu mwingine, akaondoka kwenda kuangalia mpira.

Tukarudi steshenari ile ile, tena kwa furaha, safari hii tuna karatasi yetu ina majina ya kozi na namba zake (code) kutoka kwenye mwongozo, kijana wa kompyuta akafurahi maana kazi yake ilikuwa kubofya tu, tukamaliza haraka, akaniprintia na risiti ya kila chuo bila hata kuomba. Mwalimu akanipungia mkono akaniambia "mmeamua kumpoteza mtoto", tukacheka.

Mgao wangu wa nyota ni hivi, kompyuta na uskani nne, bei tatu, ushauri wa kozi moja, na hiyo moja ni ya adabu ya Mwalimu. Mkienda nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, mchana mtandao unazunguka tu na feni ni moja inamwangalia mwenye duka. Salio la M-Pesa muwe nalo kabisa kwenye simu maana wakala wa jirani anakata anavyotaka. Vyeti orijino msiviache pale hata wakisema "mtavikuta", akiskani anakurudishia mkononi hapo hapo, nimeviona vya watu vimerundikwa chini ya printa na kikombe cha kahawa juu yake.